Vidonge Viwili vya Verolyn

Kila asubuhi Verolyn ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka nje. Alifagia uwanja, akajaza ndoo mbili kwenye bomba la kijiji, kisha akakaa jikoni kugawa viazi vitamu vilivyochemshwa. Kugawa chakula ilikuwa kazi yake tangu alipokuwa na miaka saba, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Mama yake, Delma, alimwamini kwa sababu hakuwa na upendeleo. Kiazi kikubwa alikikata katikati, fungu la mdogo wake Harrison likawa sawa na lake, na jirani akitokea mlangoni naye hakukosa kipande.

Katika kijiji cha Hofisara, kisiwani Isabel, hapakuwa na sifa iliyoizidi hiyo. Mtoto aliyenunuliwa biskuti dukani alizigawa njiani, na akifika nyumbani na moja mkononi alijihesabu mwenye bahati. Aliyekula peke yake alitaniwa mpaka akome. Wenzake walimfuata nyuma wakimwuliza kama tumbo lake lina milango miwili. Verolyn hakuwahi kuulizwa swali hilo, na kusema kweli alijivunia.

Siku moja ya Jumatano alirudi kutoka shuleni akitetemeka kwa homa. Baba yake, Ishmael, alimpeleka kwenye zahanati ya kijiji cha jirani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kufuata pwani. Sista Pamela, muuguzi wa pale, alimtoboa kidole akachukua matone mawili ya damu. Tone la kwanza lilikuwa la kupima malaria, na malaria ilikuwepo. Tone la pili alilitia kwenye mashine ndogo inayoenea kiganjani, akasubiri namba itokee, akaonekana kuridhika.

Ndipo akampa pakiti ya vidonge vidogo. "Hivi ni vyako peke yako," alimwambia. "Viwili kila siku baada ya chakula, siku kumi na nne bila kuruka. Malaria ya aina hii hujificha kwenye ini, unadhani umepona kumbe iko humo imelala. Hivi vinaifuata huko huko. Lakini usimpe mtu mwingine hata kimoja. Wewe nimekupima na damu yako inaiweza dawa hii. Kuna watu dawa hii hii inawavunja damu."

Kisha alimgeukia Ishmael, akamwomba amlete na Harrison apimwe, hata kama hana homa, kwa kuwa malaria ikiingia nyumba moja huwa haiondoki na mtu mmoja. Ishmael aliahidi. Ila kwao Isabel mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo la damu ya ukoo haliamuliwi na baba. Jioni ile shauri lilipelekwa kwa Mjomba Barnabas, kaka mkubwa wa Delma.

Mjomba Barnabas alikuwa fundi wa kuezeka makuti, mtu wa vichekesho, na nyumba za nusu ya kijiji zilikuwa zimepita mikononi mwake. Alitafuna tambuu yake taratibu akiwasikiliza. Kisha alicheka, akasema mtoto mzima anayeruka kama panzi hatobolewi kidole bure, na damu ya ukoo wao haina kasoro yoyote. Akabadilisha mazungumzo. Kwa kuwa mjomba amesema, yakaishia hapo.

Homa ya Verolyn iliondoka siku ya tatu, lakini vidonge vilibaki. Vilikuwa vichungu, na kila akivimeza tumbo lilimsokota mpaka akalala kifudifudi kwenye mkeka. Mama yake alimwuliza kila jioni, "Umemeza?" Naye alijibu, "Nimemeza," na lilikuwa jibu la kweli. Hivyo zikapita siku sita.

Jumanne iliyofuata Harrison aliamka na homa. Alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyekuwa mlinda mlango wa timu ya watoto wa Hofisara. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kanisa lao. Boti zingekuja kutoka vijiji vyote vya karibu, na baada ya ibada na chakula kungekuwa na mpira. Harrison hakuwaambia wazazi wake kwamba anaumwa. Alijua wangempeleka kwa Sista Pamela, na Sista Pamela angemlaza kitandani wiki nzima. Badala yake alimfuata dada yake kwenye tuta la viazi.

"Dada Ve, nigawie," alisema.

"Nikugawie nini?"

"Vile vidonge vyako. Wewe si umeshapona?"

Verolyn alimwambia kwamba Sista amekataza. Harrison alikaa chini, akajikunyata juani kama mtu aliyenyeshewa.

"Sista hayupo hapa," alisema. "Una vingi, mimi sina hata kimoja. Au na wewe tumbo lako lina milango miwili?"

Tusimwonee Verolyn wala tusimpambe. Alimhurumia mdogo wake, hilo ni kweli, na neno lile lilimchoma. Lakini pia alikuwa amechoka na uchungu wa dawa, na vidonge viwili vikienda kwa Harrison ni viwili visivyopita kwenye koo lake. Alifikiri, akaona kwamba dawa iliyomponya yeye haiwezi kumdhuru ndugu yake wa tumbo moja. Akaenda ndani, akatoa viwili, akampa.

Jioni mama aliuliza, "Umemeza?" Verolyn alijibu, "Nimemeza." Uso ulimwaka moto, lakini mama alikuwa anakuna nazi na hakuinua macho. Jumatano alijibu hivyo hivyo, na Alhamisi pia, na kila siku uongo ule ulitoka kwa wepesi zaidi. Pakiti ilipungua vidonge viwili kila siku kama ilivyotakiwa, kwa hiyo hakuna aliyeshuku lolote.

Alhamisi alasiri Harrison alikwenda mazoezini, na katikati ya mchezo akakaa chini kwenye mstari wa goli. Mpira ulimpita ukaingia wavuni na yeye anautazama tu. Wenzake walidhani anafanya mzaha. Aliporudi nyumbani alimvuta dada yake nyuma ya jiko, akamnong'oneza kwamba mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Verolyn alimwambia anywe maji mengi. Hakujua la kumwambia zaidi, na usiku huo hakula.

Ijumaa asubuhi Harrison hakuweza kuinuka. Midomo yake ilikuwa imepauka, viganja vimekuwa vyeupe, na macho yalikuwa ya njano. Alipumua haraka kama aliyetoka kukimbia ilhali amelala. Mama alipoutazama mkojo wake kwenye kopo alishika kichwa, kwa sababu sasa haukuwa kama chai, ulikuwa kama kahawa.

Nyumba ilijaa watu. Baba alimwuliza kama alioga kwenye kijito cha mwiko, kule ambako wazee wa zamani walizikwa, na Harrison akatikisa kichwa. Katekista alikuja akasali, akashauri apelekwe zahanati. Mjomba Barnabas aliingia, akayatazama macho ya mtoto, akachungulia lile kopo. Siku hiyo hakuwa na kichekesho. Alitoka nje akasimama peke yake akiangalia baharini, mikono nyuma.

Baba alikwenda kutafuta petroli ya boti. Mama, ambaye hakuweza kukaa bure huku mwanawe anahema vile, aliangaza macho chumbani akaiona pakiti ya Verolyn kwenye rafu. "Hivi vilimponya dada yake," alisema, na majirani wakaitikia kwamba ni kweli, mbona hawakukumbuka mapema. Dawa ya mmoja ilikuwa ya wote kama vilivyo viazi na samaki. Alitoa vidonge viwili akaviweka kiganjani, akachota maji kwenye kikombe, akamwinua Harrison kichwa.

Verolyn alikuwa amesimama mlangoni. Maneno ya Sista Pamela kwamba dawa hii inawavunja watu damu yalimrudia yote kwa mara moja, na alielewa kitu ambacho alikuwa anakikataa tangu jana. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, mama atampa Harrison vingine viwili. 

"Mama, usimpe," alisema.

"Nisimpe kwa nini? Si vimebaki vingi?"

"Nimeshampa mimi. Tangu Jumanne, viwili kila siku. Mimi sikumeza. Nilikuwa nakudanganya."

 Mama aliufumba mkono ulioshika vidonge, akamlaza Harrison taratibu, na kwa muda alimtazama binti yake kana kwamba hamjui. Hakumpiga wala kumfokea. Alimwambia achukue pakiti na aingie kwenye boti, kwa sababu maneno hayo hayo atayarudia mbele ya Sista.

Na aliyarudia. Kwenye zahanati Sista Pamela alipouliza kama mtoto amekunywa dawa yoyote, Verolyn alisogea mbele kabla ya kusukumwa. Alisema ni vidonge vingapi, siku zipi, na kwamba mkojo ulianza kubadilika jana jioni. Sista alimsikiliza huku mikono yake inafanya kazi. Alipima wingi wa damu: ilikuwa gramu tano, na mtoto wa umri ule hutakiwa kuwa na kumi na moja au zaidi. Alikwenda kwenye redio akaita hospitali ya mkoa, akawaambia waandae damu, kisha akafunga mlango wa zahanati na kupanda nao kwenye boti.

Njiani, boti ikiruka juu ya maji, Sista alimweka Verolyn karibu naye ili amshikie Harrison kivuli kwa mwavuli.

"Umekosa, na unajua umekosa," alimwambia. "Lakini sikiliza. Ungenyamaza, ningedhani ni malaria kali, au ini, na ningepoteza siku nzima nikitafuta. Na mama yako angempa vingine viwili. Sasa tunajua tunapigana na nini."

Verolyn alianza kulia wakati huo. Alilia mpaka wakafika gatini, lakini mwavuli hakuuachia.

Hospitalini waligundua kwamba damu ya Harrison inaendana na ya baba yake. Ishmael alitoa chupa ya kwanza hapo hapo. Daktari alisema itahitajika ya pili kabla ya jioni. Mjomba Barnabas, aliyekuja nao kwenye boti, alikunja mkono wa shati akakaa kwenye kiti cha kutolea damu. Muuguzi alipokaribia na mpira wa kufungia mkono, aliukunjua tena ule mkono wa shati.

"Yangu usiitoe," alisema. "Haifai. Nilipokuwa na umri kama wa huyu mtoto nilipewa vidonge vya malaria, nikakojoa kahawa kama yeye. Mama yetu aliniuguza mwezi mzima. Wazee wakanikataza nisiseme, watu wasije wakasema damu yetu mbovu, dada zangu wakakosa waume. Nikanyamaza. Mwaka huu ni wa arobaini na moja."

"Ulijua, kaka?" Delma aliuliza.

"Nilijua ya kwangu. Sikujua kwamba inatembea kwenye ukoo." Alifuta uso kwa kiganja. "Sista aliomba mtoto apimwe, mimi nikafanya mzaha. Ve ana miaka kumi na miwili na amesema kweli mbele ya kijiji kizima. Mimi nilisimama nje nikaangalia bahari."

 Delma alimshika mkono, na walikaa hivyo wote wawili. Chupa ya pili ilitolewa na mwalimu wa mpira wa kijiji kimoja walichokuwa wacheze nacho kesho yake. Alikuwa amesikia habari redioni, akaja na wachezaji wake wakubwa watatu.

Harrison alipokuwa anaongezewa damu, Sista Pamela alikaa nao kwenye benchi la nje. Alitafuta namna ya kuwaeleza, na kwa kuwa Mjomba Barnabas alikuwa fundi wa makuti, akaanzia hapo. Alimwuliza kuti huchakaa kwa nini. Mjomba alisema ni jua na mvua, na paa hudumu ikiwa tu kuna mtu wa kuondoa makuti mabovu na kutia mengine.

"Basi kila chembe nyekundu ya damu ni nyumba ndogo," Sista alisema. "Kila siku inachakaa kidogo, na ndani yake kuna fundi anayeitengeneza. Fundi huyo anaitwa kimeng'enya. Mwilini mna vimeng'enya maelfu, kila kimoja na kazi yake. Hiki kinachoilinda chembe nyekundu, sisi wa zahanati tunakiandika kwa kifupi G6PD. Kwa Harrison kipo, ila ni dhaifu. Siku za kawaida kinaweza kazi, ndiyo maana anacheza mpira na hamkujua chochote. Dawa ile ilikuja kama kimbunga. Mapaa yalianguka mengi kwa wakati mmoja, na ile rangi nyeusi kwenye mkojo ndiyo mabaki yake."

Ishmael aliuliza fundi huyo amekuwaje dhaifu wakati mtoto anakula vizuri. Sista alimweleza kwamba si chakula. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maagizo yaliyomo mwilini, nayo maagizo hayo huitwa jeni. Maagizo hunakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, vizazi na vizazi. Zamani sana, katika kunakili, mahali pamoja padogo palibadilika. Kuanzia hapo kila aliyepokea nakala ile alipata fundi dhaifu. Alisema maagizo ya kimeng'enya hiki mtoto wa kike huyapata mara mbili, kwa mama na kwa baba, hivyo moja likiwa na kasoro lipo la akiba. Mtoto wa kiume hupata nakala moja tu, na hiyo hutoka kwa mama.

Delma alikuwa akimsikiliza ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo ni mimi niliyempa," alisema.

"Wewe ulipewa, ukampa bila kujua. Ulimpa na macho haya mazuri, na ukoo, na ardhi mnayolima. Hakuna aliyekosa katika kuzaa." Sista alimsogelea. "Na badiliko hili si la ukoo wenu tu. Limejaa visiwani hapa, na kote ambako malaria ni nyingi. Wataalamu wanaamini kwamba huwasaidia watu wasiuawe na malaria kali. Huenda kuna bibi zenu waliopona kwa ajili yake. Kinachoumiza ni kutojua, maana anayejua ataepuka dawa chache na ataishi hadi uzee kama Barnabas."

Mjomba aliuliza kama yeye ndiye mzee anayesemwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa mtu kucheka.

Siku ya tatu Harrison aliomba wali na samaki wa kopo. Siku ya tano alitoka chooni akaitangazia wodi nzima kwamba mkojo wake sasa ni mweupe kama wa watu wengine, na wagonjwa wakampigia makofi. Mechi ya watoto ilikuwa imeahirishwa, kwa kuwa timu zote mbili zilikataa kucheza huku mlinda mlango mmoja yuko hospitalini. Daktari alimpa kadi yenye majina ya dawa ambazo hatakiwi kuzigusa, akamwambia kipimo cha kimeng'enya kitarudiwa baada ya miezi mitatu ili kiwe cha uhakika. Alimweleza pia kwamba malaria yake itatibiwa kwa dawa nyingine ambazo damu yake inaziweza.

Nyumbani Verolyn alianza dozi upya tangu siku ya kwanza, kwa sababu siku alizoruka zilikuwa zimeharibu matibabu yake mwenyewe. Mama hakumwuliza tena kama amemeza. Alikaa mbele yake kila jioni, akamwangalia anavyomeza, akamwambia afungue kinywa aone. Verolyn aliona aibu, lakini hakulalamika. Jioni ya nane mama alimpa maji, akainuka akaenda kukuna nazi bila kukagua kinywa. Verolyn alimeza vidonge vyake vyote viwili na tumbo likamsokota, naye akafurahi kuliko alivyowahi kufurahi kwa kusifiwa.

Jumapili ya nne baada ya hayo, Mjomba Barnabas aliuita ukoo wote kwenye banda la mikutano baada ya ibada. Sista Pamela alikuwa amekuja na mashine yake ndogo na sanduku la sindano. Mjomba alisimama, akaeleza habari yake tangu alipokuwa mtoto, bila kuficha, mpaka na mzaha alioufanya jioni ile. Kina mama wazee walitazamana. Mmoja wao alisema polepole kwamba hata marehemu kaka yake alikojoa hivyo, na kwamba walidhani ni uchawi.

Kisha Mjomba alimwita Verolyn asimame karibu naye. Verolyn alitamani ardhi ipasuke.

"Sisi watu wa hapa tunagawana, na hilo tusiliache," Mjomba aliwaambia. "Lakini samaki anajua kulisha kila mtu, na dawa inamjua mtu mmoja tu, yule aliyepimwa. Ukimpa mwenzako dawa yako humsaidii, unamjaribu. Huyu binti alikosea hapo. Alikosea tena alipomdanganya mama yake. Ila alipoona maisha ya mdogo wake yako kwenye ulimi wake, aliufungua. Mimi mkubwa wenu niliufunga wangu miaka arobaini, karibu nimzike mpwa wangu kwa ajili ya aibu. Watoto, mkiwa na neno linaloweza kumponya mtu, lisemeni hata kama litawaaibisha. Na sisi wakubwa tutawafuata."

Alikaa kwenye kiti cha Sista akatoa kidole, akawa wa kwanza. Wengine walipanga mstari, watoto mbele. Kufikia saa tisa watu thelathini na mmoja walikuwa wamepimwa, na wavulana wanne walipewa kadi kama ya Harrison. Harrison aliwapokea mmoja mmoja akiwaonyesha namna ya kuikunja isilowe. Sista aliwaambia mama zao watupe na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kwenye masanduku ya nguo, maana navyo huivunja damu ya namna hii.

Watu walipotawanyika Verolyn alibaki kumsaidia Sista kuokota pamba. Alikuwa na swali ambalo alikuwa amelibeba tangu hospitalini.

"Sista, damu yangu mashine ilisema ni nzuri. Lakini mama ana ile nakala yenye kasoro. Je, mimi ninayo?"

"Huenda unayo, huenda huna. Msichana anaweza kuibeba na isimwonyeshe kitu."

"Nikija kuzaa mtoto wa kiume, naye anaweza kuipata kwangu?"

"Anaweza. Utamleta apimwe mapema, na hatadhurika."

Verolyn alifunga mfuko wa pamba, akafungua, akaufunga tena. Aliuliza atamwambia nini mtoto huyo akitaka kujua walijuaje.

"Utamwambia yote," Sista alisema. "Ya mjomba wako, ya bibi zako, na ya vidonge."

"Hata ya vidonge?"

"Hasa ya vidonge."

 Verolyn akasema atamwambia.